Mazoezi ya Utulivu na Uraibu wa Simu: Ni Kipi Hasa Kinachoponya?

Kwa muda sasa tumekuwa tukisikia, semininani na katika vyumba vya walimu, kwamba dawa ya uraibu wa simu kwa wanafunzi wa vyuo imepatikana. Dawa hiyo ni mazoezi ya polepole ya viungo yanayoambatana na utulivu wa akili, kama vile yoga, taichi na baduanjin. Kwa kuwa baadhi ya wenzetu wanapendekeza yaingizwe katika ratiba ya idara, tumeona ni vyema tuipime hoja yenyewe kabla ya kuipokea.

Baduanjin, yaani "vipande vinane vya hariri", ni mfululizo wa mienendo minane ya Kichina ya tangu kale. Mtu husimama, huinua mikono taratibu na kupumua kwa mpangilio, huku akili ikiufuata mwili. Kiswahili hakikupungukiwa na istilahi hapa: "kuhudhurisha moyo" ni usemi wa siku nyingi, nao unatosha.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2021 uliwagawa wanafunzi wa chuo nchini China katika makundi matatu. La kwanza lilicheza mpira wa kikapu, la pili likafanya baduanjin, na la tatu likaendelea na maisha yake ya kawaida. Baada ya wiki 12, tatizo la simu lilikuwa limepungua katika makundi yote mawili ya mazoezi, yakilinganishwa na lile la tatu. Wenzetu husimulia habari za baduanjin na kuusahau mpira wa kikapu. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo penye kiini. Mpira una kelele, mbio na kusukumana. Haufanani na utulivu hata kidogo. Ikiwa nao ulifaa, basi huenda kinachoponya si utulivu peke yake, bali mambo yaliyomo katika mazoezi yote mawili: saa maalumu, mwili unaojongea, watu wengine kando yako, na mikono isiyoshika simu.

Aidha, uraibu wenyewe hupimwaje? Hupimwa zaidi kwa hojaji. Mojawapo inayotumiwa sana iliundwa nchini Korea Kusini, na muhtasari wake wa maswali 10 ulichapishwa mwaka 2013. Humwuliza mhojiwa, miongoni mwa mengine, kama watu wa karibu humwambia kwamba anatumia simu kupita kiasi. Hapa Uganda swali hilo lina mtego. Wanafunzi wetu wengi wakitoka darasani hurudi kwenye Kiganda, Kinyankole au Kiacholi. Vitabu vya Kiswahili maktabani ni vichache, na nakala moja hugombewa na darasa zima. Kamusi, tamthilia na taarifa ya habari kutoka Dar es Salaam, vyote vimo simuni. Mama anayemwona mwanawe ameinamia simu usiku kucha hawezi kujua kama anapoteza wakati au anasoma.

Nasi hatujui. Muhula uliopita tulimnyang'anya mwanafunzi simu mbele ya wenzake. Tulipoitazama, tukaona alikuwa akitafuta maana ya neno "mintarafu", ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumelitamka bila kulifafanua. Tulimrudishia na kumwomba radhi, lakini hakuuliza swali tena hadi muhula ukaisha.

Hatusemi kwamba tatizo halipo. Tunawaona wanaosinzia saa mbili asubuhi, na wasioweza kumaliza kurasa tano bila kuigusa simu. Tunachokataa ni kuagiza dawa kabla ya kumjua mgonjwa. Na kama ni mwili kujongea, akili kutulia na watu kuwa pamoja, idara yetu inayo ngonjera. Anayeighani kwa vitendo huku akimsubiri mwenzake ajibu hana nafasi ya kushika simu, na papo hapo anajifunza lugha. Hatudai kwamba ngonjera imethibitishwa kuwa tiba. Tunasema tu kwamba inastahili kujaribiwa, saa moja kwa wiki, simu zikiwa mikobani, na za walimu zikiwa za kwanza kuwekwa.

Wasomaji wenye maoni tofauti wanakaribishwa kutukosoa katika toleo lijalo.