Geuka Nyuma Uone!

Ndugu yangu, acha unachofanya unisikilize! Natoka Bel-Air, hapa Lubumbashi, sasa hivi, nyumbani kwa yaya mmoja mwenye PlayStation 4 na ile miwani yake ya PSVR, na moyo bado unanidunda. Mpira hatukucheza. Magari hatukukimbiza. Tumesafiri! Tumekaa sebuleni, bukari inasongwa jikoni, na tumefika Venezuela, tumefika Mosi-oa-Tunya, tumefika kaskazini mwa Kenya, na bado!

Unavaa miwani, unafungua YouTube humo humo ndani ya Play, unachagua video ya digrii 360. Giza kidogo, halafu paa! Sebule imepotea. Mbele yako msitu. Sawa, msitu tunaujua. Lakini geuza kichwa kushoto: mlima mkubwa, mweusi, umesimama wima kama ukuta! Inua macho: mawingu karibu kabisa, unataka kuyashika. Sasa tazama chini, pale miguu yako ilipo. Hakuna sakafu! Hewa tupu, ya kina, ya kutisha, tamu ajabu! Tumbo likanipanda hadi kooni, nikang'ang'ania kiti, na huku nacheka, nacheka mpaka machozi.

Hayo ndiyo Maporomoko ya Angel, yaliyopigwa video na wapiga picha wa AirPano kutoka angani. Mita 979! Maji yanaanza kule juu mazito, meupe, yana hasira, halafu njiani yanachanikachanika mpaka yanakuwa ukungu mtupu. Niliyafuata kwa macho toka kileleni hadi bondeni, polepole, kwa mwendo wangu mimi. Na hapo ndipo utamu wenyewe ulipo! Katika filamu ya kawaida mpiga picha ndiye anakuamulia cha kutazama. Hapa inaamua shingo yako. Wenzangu wanapiga kelele, "Maporomoko! Tazama maporomoko!" Mimi nimeyapa mgongo, nimezama kwenye bonde la upande wa pili, kijani kibichi, pana, tulivu, halina mwisho. Ni langu! Nimeligundua mwenyewe!

Kisha maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Wewe na mimi tunajua njia yake: Kasumbalesa, Ndola, Lusaka, mpaka Livingstone, na pesa ya safari hiyo tunaijua pia. Leo nimening'inia juu yake bila pasipoti! Upana wake unapita mita 1,700, kwa hiyo kutazama mbele tu hakutoshi, unageuka na kugeuka na maji bado yanamwagika. Nilijikuta napangusa uso. Mkavu kabisa! Macho yalikuwa yameshausadikisha mwili kwamba umelowa.

Na bado! Wakaniwekea filamu ya *My Africa* ya mwaka 2018, ile ambayo Lupita Nyong'o ndiye msimulizi. Ghafla uko Reteti, kaskazini mwa Kenya, kwa Wasamburu, katikati ya watoto wa tembo waliofiwa na mama zao. Wadogo, wachafu wa vumbi, wazuri mno! Wananyonya maziwa kwenye chupa, mmoja anapita ubavuni kwako, karibu hivi, na mkono unanyooka wenyewe kumgusa. Mama mwenye nyumba, ambaye Play kwake ni kelele za watoto tu, alivaa miwani hapo akakataa kuivua!

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 2013 Nintendo walitoa Panorama View kwenye Wii U: unashika skrini mkononi, unageuka nayo, na mitaa ya London inageuka nawe ukiwa juu ya basi la ghorofa. Lakini kuivaa dunia usoni, ndugu yangu, ni habari nyingine kabisa!

Nenda ujaribu! Huna miwani? Anza na maneti: kidole kinageuza picha kwenye televisheni, na tayari utaonja. Ukiipata miwani, kaa kwenye kiti kinachozunguka, sogeza meza na glasi, nunua mega za kutosha kwa sababu video hizi zinakula intaneti vibaya sana, kisha usikimbilie mbele. Geuka nyuma kwanza!

Na nyinyi vijana wa Lubum wenye kamera, nawaomba kwa moyo wote: twendeni Kundelungu! Lofoi yetu inaanguka zaidi ya mita 300, na wakati wa kiangazi maji yake nayo yanageuka ukungu kabla ya kufika chini, sawa na Angel ya Venezuela. Watu wangapi wa Katuba, wa Ruashi, wa komuni ya Kenya wameiona kwa macho yao? Ipigeni, juu, chini, pande zote! Siku video hiyo ikitoka, mimi nitakuwa wa kwanza kuvaa miwani, na wewe ujue kabisa, kiti cha pili ni chako!