Tusiwape wanafunzi hukumu kabla ya kesi: Namna ya kufungua ‘Mzalendo Kimathi’

KATIKA kamusi zetu neno tanzia lina maana mbili. Ya kwanza anaijua kila aliyewahi kusikiliza redio jioni: habari ya kifo, jina la marehemu, majina ya jamaa, siku ya mazishi na mahali atakapozikwa. Ya pili ni ya darasani: mchezo wa kuigiza ambao mhusika wake mkuu huishia kuanguka au kufa. Wanafunzi wangu huikariri hiyo ya pili kwa kuwa ndiyo inayotahiniwa. Mimi huwarudisha kwenye ile ya kwanza. Huwauliza: hii tanzia inatangazwa kwa nani? Wafiwa ni akina nani? Na marehemu amezikwa wapi?

Maswali hayo ni mepesi tukisoma Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka wa 1963. Wafiwa walikuwa Roma, na wao wenyewe wameshakufa miaka elfu mbili iliyopita. Lakini ukifundisha Mzalendo Kimathi katika ukumbi wa Nyeri, Karatina au Nanyuki, wafiwa wamekaa mbele yako, kalamu mkononi. Na kaburi halijulikani liliko.

Kwa wasiokifahamu kitabu, mchezo huu uliandikwa kwa Kiingereza na Ngugi wa Thiong’o na Micere Githae Mugo, ukachapishwa mwaka wa 1976 kwa jina The Trial of Dedan Kimathi. Oktoba mwaka huo huo uliigizwa katika jumba la maigizo la kitaifa jijini Nairobi. Mwaka uliofuata ukapelekwa Lagos kwenye tamasha la FESTAC. Tafsiri ya Kiswahili, kazi ya Raphael Kahaso, ilitoka mwaka wa 1978. Waandishi wote wawili sasa ni marehemu. Micere, binti wa Kirinyaga, alituaga Juni 2023, naye Ngugi Mei 2025. Hatuwezi tena kuwaita wajieleze. Kilichobaki ni maandishi yao, na namna sisi walimu tunavyoyafungua mbele ya vijana.

Namna hiyo ndiyo inayonikera. Nimehudhuria semina nyingi za walimu katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, na mtindo ni ule ule. Mwalimu anaandika ubaoni: kutangazwa kwa hali ya hatari, 20 Oktoba 1952, kukamatwa kwa Kimathi, 21 Oktoba 1956, kunyongwa kwake Kamiti, 18 Februari 1957. Halafu anaandika: KIMATHI NI SHUJAA. Anapigia mstari. Basi, kitabu kimekwisha kabla hakijafunguliwa. Kurasa zote zinageuka kuwa ushahidi wa jambo lililokwisha kuamuliwa ubaoni, na mwanafunzi hana tena cha kungojea.

Nieleweke vizuri. Sibishani na ushujaa wa mtu yeyote hapa. Ninachopinga ni kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Tanzia huishi kwa shaka: mhusika angeweza kuchagua vingine, na sisi tunamtazama akichagua. Ukiiondoa shaka hiyo, unabaki na hotuba ya Sikukuu ya Mashujaa.

Tuanze na jina la kitabu, maana huku ni kwenye safu ya lugha. Neno la Kiingereza lililo katika jina la asili lina makali pande mbili. Ni kesi ya mahakamani, na ni jaribu, kama lile la Yesu jangwani. Waandishi waliutumia upande wa pili kikamilifu. Mara nne Kimathi anajaribiwa akiwa seli. Kwanza anaingia Shaw Henderson. Kisha wanakuja wenye benki. Kisha mfanyabiashara, mwanasiasa na kasisi. Mwishowe anarudi Henderson, safari hii kwa mateso. Kiswahili kina kesi na kina majaribu, ila hakina neno moja linaloyabeba yote mawili. Mfasiri alikuwa na kazi ngumu na simlaumu. Lakini tazama jina lililochaguliwa lilivyofanya. Mzalendo ni hukumu. Msomaji wa Kiingereza anaitwa aje kusikiliza kesi. Msomaji wa Kiswahili anaambiwa matokeo kwenye jalada. Na mwalimu anayepigia mstari ubaoni anaendeleza tu kile kilichoanzishwa na jalada.

Je, historia isifundishwe? La, ifundishwe, tena kwa undani kuliko sasa. Mimi husisitiza mambo matatu.

La kwanza ni kesi yenyewe. Kimathi alishtakiwa mjini Nyeri mnamo Novemba 1956, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O’Connor na wazee watatu Waafrika walioketi kama washauri wa mahakama. Shtaka halikuwa la kuongoza vita. Lilikuwa la kupatikana na bastola, kosa ambalo chini ya sheria za hali ya hatari lilitosha kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa Kenya katika miaka hiyo.

La pili ni kesi nyingine iliyosikizwa katika mji huo huo, ambayo walimu wengi huiacha. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, alikamatwa Januari 1954 na kuhukumiwa kifo Nyeri. Hakunyongwa. Aliokoka baada ya kukubali kusaidia katika mazungumzo ya kuwataka wapiganaji wajisalimishe, na aliishi akaiona Kenya huru. Mwanafunzi akijua hayo, lile jaribu la Henderson katika seli linaacha kuwa porojo za jukwaani. Mlango ule ulikuwapo kweli. Mtu alikuwa ameupitia.

La tatu ni Nyeri yenyewe. Vita vile viliipasua nyumba katikati. Askari aliyempiga Kimathi risasi na kumkamata alikuwa Mkikuyu mwenzake. Kulikuwa na waliokula kiapo, kulikuwa na ngati, yaani walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali, na kulikuwa na waliokuwa huku mchana na kule usiku. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa vijiji vilivyozungushiwa ua. Mjini Nyeri upo mnara wa jiwe wa kuwakumbuka Wakikuyu waliokufa wakipigania uhuru kati ya 1951 na 1957. Maandishi yake hayasemi ni wa upande upi. Waambie wanafunzi waende wakausome, wajionee.

Baada ya hapo ndipo kunakuja somo lenyewe: kuuweka mchezo kando ya kumbukumbu ya mahakama. Mwaka wa 2017 mwanahistoria Julie MacArthur alichapisha kumbukumbu ya kesi ile, ambayo kwa miaka mingi haikuwa mikononi mwa umma. Humo Kimathi anakana shtaka, na utetezi wake ni kwamba alikuwa akitoka msituni ili ajisalimishe. Katika mchezo, shtaka linasomwa naye ananyamaza kimya. Anapofungua kinywa, haulizwi tena kuhusu bastola. Yeye ndiye anayeihoji mahakama, iwapo sheria ya mtawala inaweza kumhukumu mtawaliwa kwa haki.

Hapo darasa huchemka. “Prof, kumbe hawa waandishi walitudanganya?” Swali hili huulizwa kila mwaka, na halistahili kunyamazishwa.

Jibu langu huanzia mbali kidogo. Katika mchezo wa Kaizari, Shakespeare alichukua shangwe za ushindi wa Kaizari na sikukuu ya Luperkali, mambo yaliyopishana kwa miezi kadhaa, akayatia katika siku moja. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile ya mwaka wa 1969, hakuandika historia ya vita vya Majimaji. Alimchukua mtu aliyenyongwa na Wajerumani mwaka wa 1905 akampa mgogoro wa nafsi ambao hakuna jalada la serikali lingeweza kuuhifadhi. Ngugi na Micere nao walisema wazi katika dibaji kwamba hawakukusudia kuinakili kesi ya Nyeri. Walikwenda Karuna-ini, wakazungumza na watu waliomjua Kimathi, kisha wakabuni.

Kwa hiyo swali la uongo na ukweli halitufikishi mbali. Swali linalozaa matunda ni hili: walibadilisha nini hasa, na badiliko hilo linafanya kazi gani? Fuata neno moja tu, kujisalimisha. Katika kumbukumbu ya mahakama neno hilo ni utetezi wa mshtakiwa, mtu aliyejeruhiwa, anayejaribu kuiokoa shingo yake. Katika mchezo neno hilo limehamishwa kinywa. Sasa analitamka Henderson, nalo ni chambo. Waandishi walilitoa neno kizimbani wakalipeleka seli, wakampa adui, kisha wakamwachia Kimathi alikatae mara nne. Kwangu mimi huo ndio ustadi wa mchezo huu, na ndio siasa yake. Mwanafunzi asiyejua kumbukumbu inasema nini hawezi kuliona.

Hapo huwaachia mjadala: ni Kimathi yupi mwenye ujasiri zaidi, anayekataa jukwaani, au yule aliyesimama kizimbani mbele ya watu waliokuwa wamekwisha kuamua, akatafuta njia ya kuishi? Sijapata darasa lililokubaliana, na sijutii.

Wanaosema mchezo huu ni sifa tupu hawajaisoma sawasawa sehemu ya msituni. Kimathi anaketi kuwahukumu wasaliti, na miongoni mwao yumo ndugu yake wa damu. Anasita. Anawahurumia, wanatoroka, na kutoroka kwao ndiko kunakomfungulia adui njia. Hapa ndipo kitabu kinapostahili jina la tanzia. Shujaa anaangushwa na huruma, kitu ambacho sisi sote tungemsifu nacho. Tena wakati yeye alipokuwa hakimu, alishindwa kuwa hakimu kama Henderson. Mwalimu anayeruka sehemu hii kwa kuogopa “kumshusha shujaa” ameutupa moyo wa kitabu.

Sitakisifu kitabu kwa kila jambo. Wenye benki, mwanasiasa na kasisi wamechorwa kwa mkaa mnene. Hawana majina, hawana hofu, hawana usiku wa kukosa usingizi. Wanaingia, wanajaribu, wanatoka. Ngati naye hapewi hata dakika moja ya kueleza kilichompeleka upande ule: shamba, kanisa, woga, au ndugu aliyeuawa. Mwaka wa 1976 huenda hilo halikuonekana pengo, maana waandishi walikuwa wakipigana na simulizi ya mkoloni iliyomwita Kimathi gaidi. Lakini leo darasa la Nyeri lina mjukuu wa mpiganaji na mjukuu wa ngati kwenye dawati moja, na mara nyingi ni mtu mmoja: babu mzaa baba alikuwa msituni, babu mzaa mama alikuwa na bunduki ya serikali. Wakati mmoja mwanafunzi aliniambia kwa sauti ya chini, darasa lilipokwisha, kwamba kwao jina la Kimathi halitajwi mbele ya nyanya. Ukiandika hukumu ubaoni siku ya kwanza, kijana kama huyo atanyamaza hadi siku ya mtihani. Atajibu vizuri, atapata alama, na hatakuwa amesoma chochote.

Basi mwalimu mwenzangu, jaribu hivi. Siku ya kwanza usiandike tarehe. Soma ule mwanzo mahakamani, shtaka lisomwe kwa sauti, kisha nyamaza pale Kimathi anaponyamaza. Waulize vijana wangejibu nini. Siku ya pili leta kesi ya China, uwaulize tena. Siku ya tatu leta kumbukumbu ya mahakama. Sehemu ya msituni iigizwe, isisomwe tu. Jina la kitabu lizungumziwe mwisho kabisa, na wanafunzi wapendekeze jina lao la Kiswahili. Wengine watalirudia lile lile, mzalendo. Hiyo ni haki yao, maana sasa watakuwa wamesikiliza kesi.

Kuhusu swali la mahali alipozikwa marehemu, wanafunzi wa Nyeri wana jibu linalowaumiza. Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, alizikwa Nyeri mwaka wa 1941, na wageni hutoka ng’ambo kuja kulitazama kaburi lake. Kimathi, mzaliwa wa Tetu, ana sanamu jijini Nairobi tangu 2007 na chuo kikuu chenye jina lake hapo Nyeri. Kaburi hana. Mjane wake, Mukami, alifariki Mei 2023 bila kuonyeshwa mumewe alikolazwa. Tanzia ya redio isingeruhusiwa hewani ikiwa na pengo kama hilo. Ile ya Ngugi na Micere imelibeba kwa karibu miaka hamsini. Kila darasa linalokifungua kitabu hiki ni sehemu ya matanga hayo, na mwalimu asiharakishe kuyaanua kwa mstari mmoja wa chaki.