Mwamba Ngoma wa Usinge

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Sidhani kama waliwahi kukaa Usinge wakamtazama fundi akiwamba. Mzee ninayemsema huvuta ngozi upande mmoja, akazunguka kigogo, akavuta upande wa pili, akarudi tena alikoanzia. Hakuna upande unaopewa zaidi ya haki yake. Ngozi ameiloweka tangu jana. Kigogo ni cha mninga, kilichochimbwa kwa tezo hadi kuta zikawa nyembamba kiasi cha kuitika kwa ukucha. Ukifika hapo asubuhi ukamwambia “Mwangaluka, babu,” ataitikia bila kuinua macho, na utangoja.

Lakini kazi yenyewe, kwangu mimi, ni ile ya moto. Ngoma haipigwi ikiwa baridi. Mzee huwasha mabua na nyasi kavu, si kuni, kwa sababu anataka joto lipande upesi na lipoe upesi. Huinamisha ngoma juu ya mwali, akaizungusha, akaigonga kwa kidole kimoja karibu na ukingo, kisha katikati. Ikijibu kizito, huirudisha motoni. Huigonga tena, safari hii akiwa amefumba macho na kuegemeza shavu ubavuni mwa kigogo. Kijana aliyekuwa akimsaidia alitaka kuharakisha, akasogeza ngoma karibu mno. Mzee hakumfokea. Aliichukua, akaiweka kivulini, akaanza upya. Ilipofika pahala pake tulijua sote, hata sisi tusiojua kupiga: mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo kichwani alibadilisha mwendo.

Nchi hii ya Wanyamwezi imetembea kwa mdundo. Katika karne ya 19 wapagazi wake walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa, zaidi ya kilomita 800 kati ya Tabora na Bagamoyo, na wengine walivuka mto Malagarasi hadi Ujiji. Mzigo wa frasila mbili ni kilo zipatazo 32, na bega ni la mtu. Mbele alitangulia kirangozi, ngoma ikilia, wimbo ukipokezanwa kutoka mbele hadi mkiani mwa msafara. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, hakuacha kuzitaja kelele hizo. Kwake zilikuwa kelele. Kwa mwenye mzigo zilikuwa nusu ya nguvu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita hapa hapa Usinge, mabega yalipumzika. Mdundo ukabaki mashambani, kwenye kilimo cha kusaidiana, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na mvivu akisutwa kwa wimbo mpaka anyooke.

Wataalamu wamekuja kuithibitisha nguvu hiyo ya mdundo kwa vipimo. Mwaka 2012 Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walichapisha matokeo ya kuonyesha kwamba watu waliotoka kuimba, kucheza au kupiga ngoma walistahimili maumivu zaidi, na kwamba kusikiliza muziki tu hakukuleta nguvu hiyo. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Kusikiliza tu hakukutosha. Nimewaona majirani wawili waliogombania mpaka wa shamba, hawasalimiani, wakijikuta mstari mmoja kwenye ngoma ya harusi. Miguu ilipatana kwanza. Midomo ilichukua muda, lakini hakuna baraza lililoitishwa.

Silaumu gitaa, jamani. Bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilitoka mji wetu huo wa Tabora, na ukumbi ulikuwa ukijaa wachezaji, si watazamaji. Mzee Mwinamila naye, na kundi lake la Hiari ya Moyo, aliifikisha ngoma ya Kinyamwezi mbele ya wakubwa wa nchi bila kuivua jasho lake. Ninachokililia ni spika mbili zilizokodiwa, zikipigwa kwa nguvu hata mtu na aliye pembeni yake hawasikilizani, nasi tumekaa kwenye viti vya plastiki, simu zimeinuliwa, tukirekodi harusi ambayo hatukuicheza. Msibani pia siku hizi huletwa spika. Mfiwa analia peke yake, muziki nao unalia peke yake. Zamani walioimba walikuwa wanamshika, na wimbo ulikuwa na zamu yake ya kuitikia, hivyo hata yeye ilimlazimu avute pumzi ili aitikie.

Nilimuuliza mzee wangu wa Usinge anauza ngoma ngapi kwa mwaka. Akacheka. Shule huagiza moja ikisikia mgeni wa serikali anakuja, na huipaka rangi juu ya mninga ule mzuri. Mgeni akiondoka inafungiwa ofisini, panya wanaanza na ngozi. Kinachomlisha ni mizinga ya nyuki. Ni magogo yale yale, tezo ile ile, ila mzinga hauhitaji sikio. Yule kijana msaidizi ameshajifunza kuchonga mizinga, na anaichonga vizuri. Habari ya moto na kidole hajaiuliza tena. “Mwanangu,” mzee aliniambia, “nimfundishe kusikiliza, halafu ampigie nani?”