Mizani ya Mayelini

Mkulima wa Handeni aliyewahi kuuza mahindi kwa lumbesa anajua kwamba gunia laweza kupendeza macho huku likimpunja. Atauliza mizani iko wapi, na kama imepigwa muhuri wa Wakala wa Vipimo. Nami huanzia hapohapo kila niwekewapo mbele picha ya MRI ya mgonjwa wa multipo sklerosisi, au MS.

Ugonjwa huu, ulio adimu kwetu karibu na ikweta kuliko Ulaya, hubandua mayelini, ile ngozi ya mafuta inayovika nyuzi za neva kama plastiki inavyovika waya wa umeme. MRI ya kawaida huonyesha madoa meupe. Doa laweza kuwa mayelini iliyokwisha, laweza kuwa uvimbe wenye maji utakaonywea baadaye, laweza kuwa kovu. Picha ing'ae namna gani, haisemi ni lipi. MRI ya kupima hutoa tarakimu kwa kila kipande cha ubongo, na tarakimu ndiyo inayostahili kukaguliwa.

Korogwe wanaijua tofauti hiyo. Mtaani mtu hutoka maabara akasema ana "malaria tatu". Katika utafiti, kama ule wa chanjo ya RTS,S ulioanza 2009 na Korogwe ikiwa mojawapo ya vituo vyake, hilo halitoshi. Utaratibu ni kuhesabu vimelea hadi chembe nyeupe 200 zitimie, kisha kukokotoa kwa kukadiria chembe 8,000 katika kila mikrolita ya damu. Slaidi husomwa na watu wawili, kila mmoja bila kuona jibu la mwenzake. Wakipishana mno, huitwa wa tatu.

Basi kwenye MRI nako, dai kwanza marudio. Mgonjwa apimwe, ashuke kitandani, apande tena, apimwe. Kama tarakimu imeruka kutoka 10 hadi 12 siku hiyohiyo, anayekuambia mwakani kwamba imeshuka kwa 1 anakuuzia lumbesa.

Uliza pia nguvu ya sumaku. Muda uitwao T1 hurefuka kwenye mashine ya tesla 3 kuliko ya tesla 1.5, hata kwa ubongo uleule wenye afya. T1 isiyotajiwa sumaku ni bei isiyotajiwa sarafu.

Kigumu zaidi ni kujua kilichopimwa. Mbinu ninayoipenda ni ya maji ya mayelini, iliyoonyeshwa na Alex MacKay na wenzake huko Vancouver mwaka 1994. Maji yaliyobanwa katikati ya tabaka za mayelini hupoteza mwangwi wake haraka, kwa takriban milisekunde 20. Yaliyo nje yake huchukua kama 80 au zaidi. Unapima ni sehemu gani ya maji yote inayozimika upesi. Katika ubongo mweupe wenye afya ni kama sehemu moja ya kumi. Fundi mbaya hutambulika kwa ramani yenye chengachenga, maana ishara ni dhaifu na mgonjwa akitikisika kidogo kazi imeharibika. Mbinu ya uhamisho wa usumaku ni ya haraka na imara zaidi, ila uvimbe nao hushusha tarakimu yake, hivyo peke yake siiamini kwenye doa jipya. Chuma kilichomo ubongoni nacho hupotosha vipimo kadhaa.

Mbinu yoyote ambayo haijalinganishwa na bongo za marehemu zilizokatwa na kutiwa rangi ya mayelini, usiipe jina la kipimo cha mayelini.

Hadi sasa tarakimu hizi ni za watafiti zaidi kuliko za wodini. Utambuzi wa MS bado hufuata vigezo vya McDonald. Lakini ndugu yako wa Korogwe akipelekwa Muhimbili kupigwa MRI, ombeni CD yenye picha zote, msiridhike na karatasi ya majibu. Na akirudia, arudie kwenye mashine ileile.