Kibushi na makaratasi yake: sinema ya pole pole

Wandugu, katuni ambazo wadogo zetu wanaangalia kwenye telefone karibu zote zinatoka mbali. Kumbe Kongo iko na mtu aliyeanza kazi hiyo zamani: Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, aliyezaliwa Lubefu, kule Sankuru, mwaka 1957. Alisoma Institut National des Arts ya Kinshasa, na mwaka 1988 akaanzisha studio Malembe Maa. Kwa Kilingala, "malembe" ni pole pole. Jina linafaa kazi yenyewe.

Sinema inapitisha picha 24 kila segonde. Katika Le Crapaud chez ses beaux-parents (1991), hadithi ya Kitetela ya chura anayetembelea wakwe zake, Kibushi alitumia karatasi iliyokatwa: unasogeza mguu kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Mwitaliano Emanuele Luzzati, mchoraji na mtengenezaji wa mapambo ya tiyatri, alifanya hivyo na Giulio Gianini katika La gazza ladra (1964), wakafika mpaka kwenye orodha ya Oscar. Kwa hiyo karatasi si alama ya umaskini. Ni njia ya kazi, na inataka uvumilivu kama pepinyeri ya kakao.

Lakini kwangu mimi, filme yake yenye uzito zaidi ni Kinshasa, septembre noir (1992). Ni fupi sana. Inaeleza uporaji wa Septemba 1991 kwa michoro ya watoto. Mistari imepinda, watu wako na vichwa vikubwa, na njo hapo nguvu yake inatoka: mtoto haongezi chumvi, anachora tu kile alichoona.

Muana Mboka (1999), juu ya mtoto wa barabarani wa Kinshasa, ilitengenezwa kwa sanamu ndogo. Mikono ya fundi inaonekana, na mji unaishi. Hata hivyo, ninaona sanamu zile nzuri zinatuweka mbali kidogo na uchungu wa yule mtoto. Michoro ya 1992 haikutupa nafasi ya kukimbia.

Juu ya nini ninaandika haya hapa Mabalako? Juu watoto wetu nao wameona. Waliona Ebola ya 2018 ikianzia Mangina, waliona vijiji vikikimbia. Wakubwa tuliandika maraporo juu yao. Wao wenyewe, nani aliwapa karatasi na kalamu za rangi, akakaa nao, akangoja wamalize?

Tunazoea kusema: hatuna kompyuta, hatuna umeme. Kibushi alianza na makasi. Siku hizi telefone moja, meza na taa vinatosha kupiga picha moja moja. Kinachokosekana ni saa zetu, na masikio. Tusipofanya, hadithi ya huku itachorwa na mtu ambaye hakuwa hapa.

Nani ataleta makasi?