Kadi za Sikukuu Zilizokwisha Kazi: Mkasi Kabla ya Maji

Zikisha kupita Noeli na Mwaka Mpya, katika nyumba nyingi za Nyegezi, hapa Mwanza, hubaki kadi ambazo wenyewe hawana moyo wa kuzitupa wala hawajui wazifanyie nini. Na juu ya kadi za sikukuu huongezeka zile za michango na mialiko ya harusi, ambazo hazina msimu, na ambazo shughuli yenyewe ikisha kupita huishia kuchomekwa kwenye kioo cha kabati mpaka rangi zififie. Simu ya mkononi imezipunguza kadi hizi, haikuzimaliza. Nimeona niichambue kazi ya kuzirudisha katika matumizi, kwa sababu aghalabu wanaoishika kazi hiyo huianzia mwisho: huzitumbukiza zote katika ndoo ya maji ili wapate karatasi mpya, ilhali sehemu kubwa ya thamani ya kadi hupotelea humo ndooni.

Kadi si karatasi tupu. Kiini chake ni nyuzi za mti. Juu ya nyuzi hizo mara nyingi hupakwa udongo mweupe laini, unaozuia wino usizame na kutawanyika. Juu ya udongo huenda pakagandishwa utando wa plastiki ili kadi ing'ae. Na juu ya utando wakatia maandishi ya dhahabu ya bandia au vumbi linalometameta, ambalo nalo kwa kawaida ni plastiki iliyokatwakatwa. Maji huzilegeza nyuzi, na udongo huachana nazo kwa urahisi, lakini plastiki haijui maji. Kwa hiyo mtihani wa kwanza ni wa vidole: ipasue kadi kidogo ukingoni, na ikiwa imeacha manyoya ya nyuzi pande zote mbili, hiyo ni ya ndoo, ikiwa umebaki utando unaovutika, hiyo ni ya mkasi peke yake, na kuiloweka ni kuipoteza bure.

Mfano bora wa kutanguliza mkasi niujuao ni wa makao ya watoto ya St. Jude's Ranch, huko Boulder City katika jimbo la Nevada nchini Marekani, ambayo kwa miaka mingi yalipokea kadi zilizotumika kutoka kwa watu wa mbali, yakitaka upande wa mbele tu. Sababu ni dhahiri mtu akiiangalia kadi kwa makini: mkono wa mtumaji umeandika ndani, na sahifa ya mbele imebaki safi kama ilivyotoka kiwandani. Watoto waliigandisha sahifa hiyo juu ya karatasi mpya iliyokunjwa, ikawa kadi nyingine ya kuuzwa; kazi ya mchoraji na ya mpiga chapa ikahifadhiwa yote, pasipo kutumia moto wala tone la maji.

Kwetu utaratibu huo unahitaji marekebisho machache. Kadi ya mchango aghalabu haina picha kubwa, ila ina pambo la ukingoni na mgongo mtupu. Ukikatwa vipande vidogo, mgongo huo ni vibandiko vya majina ya kufungia zawadi. Bahasha yake, ikiwa gundi ni ile ya kulamba, hufunguka kwa mvuke wa birika, ikageuzwa ndani nje na kugandishwa upya. Gundi ya kununua si lazima: uji mzito wa unga laini wa muhogo hugandisha karatasi barabara.

Yanayobaki baada ya mkasi ndiyo haki ya maji. Yachanwe vipande, yaloweke usiku kucha, kisha yatwangwe. Nami nakichagua kinu mbele ya mashine ya kusagia, maana mchi huziponda nyuzi zikafumuka na kushikana, ilhali visu vya mashine huzikata. Nayo karatasi kila inaporudishwa majini hudhoofu, kwa hiyo rojo la kadi tupu hutoa karatasi inayovunjika kwenye mkunjo. Dawa yake ni kuchanganya na nyuzi changa. Karakana ya Neema Crafts ya Iringa, iliyoanza mwaka 2003 na vijana viziwi wachache, ilizipata nyuzi hizo katika kinyesi cha tembo, kwa kuwa tembo hameng'enyi hata nusu ya anachokula, na majani humtoka yakiwa yamekwisha kulainika. Wakatengeneza humo karatasi na kadi.

Nyegezi haina tembo, ina ziwa. Magugu maji, yaliyoonekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufikia kilele cha kuenea kwake mnamo mwaka 1998, yamefanywa karatasi na kadi huko Kisumu, na pia Bangladesh. Mtu asidanganyike na wingi wake, kwa maana takriban asilimia 95 ya gugu bichi ni maji, hata kilo 20 zilizovuliwa kwa jasho hutoa kilo moja tu kavu. Mashina hayo huchemshwa kwa magadi mpaka yalainike. Rojo la magugu pekee huchuja maji polepole mno, na karatasi yake hujikunja ikikauka. Likichanganywa na karatasi kuukuu, kila moja huponya kasoro ya mwenzake. Karatasi kuukuu za namna hiyo, zisizo na utando, hazikosekani kandokando ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, ambako maduka ya kudurufu hutupa nakala zilizoharibika kila siku. Hata hivyo, kwa kadi itakayokunjwa, mimi napendelea nyuzi za mgomba, ambazo ni ndefu na imara zaidi.

Fremu yenye wavu wa dirishani huzamishwa katika rojo jepesi, ikainuliwa ikiwa imelala sawasawa, na kutikiswa kidogo kwenda mbele na kando kabla maji hayajaisha, ili nyuzi zipandane. Ukurasa hupinduliwa juu ya kipande cha blanketi, ukakandamizwa kwa mawe, ambayo Mwanza haijapata kuyakosa, kisha hukaushwa kivulini, kwa kuwa jua kali huukunja. Ukisha kukauka hupakwa maji mepesi ya wanga wa muhogo. Asiyefanya hivyo ataona wino wa kalamu ukitawanyika kama juu ya pamba.

Yabaki maji ya ndoo. Mitaro yetu huteremka kuelekea ghuba ya ziwa, na vumbi la kumetameta likifika humo halitaoza. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kulikata na kuliweka kando mapema. Maji yachujwe kwa kitambaa kizito na kumwagwa shinani mwa migomba, na nyuzi zilizonaswa kitambaani zirudishwe katika rojo la mkupuo ufuatao.