Mpishi wa Bwera na Shamba Lake

Mpishi wa mjini hupimwa kwa alichopakua. Mpishi wa Bwera hupimwa mapema zaidi, tangu anapopita asubuhi kati ya mistari ya muhogo akiamua achume majani yapi na aache yapi. Uamuzi huo hauonekani mezani, ila ndio unaomtenga fundi na mtu wa kuchemsha tu. Fundi huyo nataka kumsifu leo, kwa sababu sifa zake hutolewa kwa mdomo uliojaa, kisha husahaulika vyombo vikioshwa.

Wilaya ya Kasese, uliko mji wa Bwera, magharibi mwa Uganda, imekaa kati ya theluji na joto. Juu yake ni Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafikia mita 5,109. Chini ni tambarare za Bonde la Ufa, Ziwa Edward na Ziwa George, na mstari wa ikweta unaokatiza barabara pale Kikorongo. Kati ya ncha hizo mbili Wakonzo wamelima miteremko kwa vizazi na vizazi. Kwenye baridi kuna viazi mviringo na kabichi, katikati kuna kahawa na migomba, na huku chini muhogo, mahindi na pamba. Ndiyo maana kapu la mwanamke wa Bwera huweza kubeba mazao ya hali tatu za hewa kwa safari moja ya sokoni.

Lakini ardhi yenyewe si nyingi. Sehemu kubwa ya wilaya ni hifadhi: Queen Elizabeth iliyoanzishwa mwaka 1952, na ile ya Milima ya Rwenzori iliyotangazwa mwaka 1991. Familia nyingi hubaki na kipande chembamba mlimani, ama kipande cha tambarare ambacho tembo wanaweza kukimaliza usiku mmoja. Kwa hiyo hakuna mahali pa kulala bure. Maharage hupandwa katikati ya muhogo, maboga hutambaa pembeni, nyanya chungu na pilipili hukaa karibu na njia, na dodo, yaani mchicha, huota nyuma ya jiko pale yanapomwagwa majivu na maji ya kuoshea vyombo. Mpishi huijua bustani hiyo shina kwa shina. Anajua lipi liko tayari leo na lipi litawafaa wageni wa Jumapili.

Muhogo ndio mtihani wake mkubwa. Mmea mmoja unatoa vyakula viwili, mizizi ya ugali na majani ya mboga, na viwili hivyo hugombana. Ukichuma majani kupita kiasi, mizizi inadhoofika. Ukiyaacha yote kwa kuogopa, mtakula ugali mkavu. Mama anayejua kazi yake huchuma ncha chache kutoka kila shina, akihama mstari hadi mstari, ili pasiwe na mmea unaobaki uchi. Hesabu hiyo haijaandikwa popote. Imo katika mwendo wa miguu yake.

Hayo majani ndiyo sombe, mboga inayopendwa pande zote mbili za mpaka, hapa na Kongo. Nani alisema kupika majani ni kazi ndogo? Muhogo una sumu ya asili, sianidi, na anayeiondoa ni mpishi. Huchagua majani laini ya kileleni, maana ya chini yamekwisha komaa na kuwa nyuzi. Huyatoa vikonyo, huyaosha, huyatia kinuni. Mchi hupasua jani na kuifungua ile sumu ipate njia ya kutoka, na hapo ndipo jani lililokatwa kwa kisu, hata kiwe kikali namna gani, linaposhindwa na lililotwangwa. Mwanzoni kinu hulia kikavu. Baadaye sauti inakuwa nzito, majani yanashikana, yanaanza kutoa maji na kung'ang'ania mchi. Wengine huongeza vitunguu saumu na majani ya vitunguu humo humo kinuni ili vipondeke pamoja.

Kisha chungu, tena bila kifuniko. Mvuke ndio unaobeba sumu iliyobaki, kwa hiyo anayefunika sufuria ili aokoe kuni anajidanganya. Sombe huchemka saa moja na zaidi, mpaka ile harufu kali ya jani bichi iishe na kijani king'avu kififie, kikaribie rangi ya udongo. Mpishi hachungulii saa. Huchota kidogo kwa mwiko, hukiweka kiganjani, hukisugua kwa kidole gumba. Kama bado kinakwaruza, anaongeza maji na kurudi kwenye kazi nyingine. Kikiwa laini ndipo huingia kitunguu, bilinganya au nyanya chungu zilizokatwa, pilipili hoho, na mwisho mawese au karanga zilizosagwa. Moto hupunguzwa mpaka mafuta yapande juu yenyewe. Chumvi huja mwishoni, kwa sababu mboga iliyokaa motoni muda mrefu hupungua maji, na aliyetia chumvi mapema hujikuta na chakula kisicholika.

Mwenza wa sombe ni obundu, ugali wa unga wa muhogo ambao wengine huuchanganya na mahindi au ulezi. Nao una safari yake. Muhogo mchungu humenywa, hulowekwa siku tatu au nne mpaka ulainike, hukamuliwa, huanikwa juani hadi ukauke kabisa, ndipo usagwe. Anayekata njia katika hatua hizo huacha sumu ndani ya unga, na ndiyo sababu nyakati za njaa, watu wanapoharakisha, ndizo za hatari. Motoni unga wa muhogo haupigwi kama wa mahindi. Unavutika, unanata, unashindana na mkono. Mpishi huketi chini au hupiga goti, huishika sufuria kwa miguu au kwa kitambaa, na kuusonga ugali kwa mwiko akiubana ukutani mwa sufuria hadi uwe laini, usio na chembe hata moja ya unga mkavu. Ni kazi ya kiwiko na bega, na mtu huijua thamani yake siku anapoambiwa ajaribu.

Kuna waitao majani haya chakula cha maskini. Neno hilo halina uzito. Mizizi ya muhogo hushibisha lakini ina protini kidogo mno. Majani yake ndiyo yenye protini, vitamini A na vitamini C. Magharibi mwa Uganda hulima sana, tena hulisha miji ya mbali, lakini bado ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye watoto wengi waliodumaa. Tumbo linaweza kujaa na mwili ukabaki na njaa. Mwanamke anayeweka sombe yenye karanga kando ya obundu ya mwanawe anatibu jambo ambalo mikutano mingi ya lishe bado inalijadili.

Mboga za haraka nazo zina adabu zake. Majani ya maboga huchumwa machanga, kisha shina la kila jani humenywa nyuzi kwa kuvutwa kutoka chini kwenda juu. Ukiziacha, utatafuna kamba. Hukatwakatwa, hupikwa kwa maji kidogo sana, nyanya na kitunguu, halafu rojo ya karanga humiminwa taratibu huku mwiko ukizunguka ili isigande. Maharage mabichi, yale yanayobanduliwa kutoka kwenye maganda siku ile ile, huiva mapema kuliko makavu na kula kuni chache. Mpishi mwerevu huyapika katika majuma machache yanapopatikana, na makavu huyawekea akiba ya kiangazi. Dodo ndiyo ya kukimbiliwa wageni wanapobisha hodi bila taarifa: chumvi, kitunguu, dakika chache motoni, basi. Mchele mmoja mapishi mbalimbali, walisema wahenga wa pwani. Huku mlimani bustani moja inatosha kuthibitisha neno lao.

Kisichotoka bustanini hutoka sokoni, na soko ni Mpondwe, kilomita chache tu kutoka Bwera, kando ya Mto Lhubiriha. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, watu wa Kasindi, upande wa Kongo, huvuka na mawese na samaki, wa huku huuza maharage, vitunguu na unga, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha.

"Mama, haya mawese ni ya lini?"

"Mapya, dada. Nusa mwenyewe. Na matabishi nitakupa."

Hayo matabishi, nyongeza juu ya kipimo, ndiyo yanayomrudisha mnunuzi kwa muuzaji yule yule. Mara nyingi maelezo ya kupika huja pamoja na nyongeza: tia kitunguu kwanza, usiyaunguze, samaki huyu mwoshe kwa maji ya moto umtoe mifupa kabla hujamzamisha kwenye sombe.

Samaki wabichi hutoka Katunguru na Katwe, kwenye maji ya Edward na Mfereji wa Kazinga. Katwe ina utajiri mwingine, chumvi, inayochotwa katika ziwa dogo lililo ndani ya kreta ya volkano. Chumvi hiyo ilitembea mbali kabla ya ukoloni, na Mwingereza Lugard alipofika mwaka 1891 alijenga ngome hapo, kwa kuwa aliyeishika Katwe aliishika biashara ya eneo zima. Baadaye kilijengwa kiwanda cha kisasa, maji makali ya chumvi yakala mabomba yake, nacho kikafa mapema. Wachimbaji wa vidimbwi wangali wanavuna kwa mikono. Naona fundisho hapo: zipo kazi ambazo mashine imezijaribu ikashindwa, na mkono uliozizoea bado unaendelea.

Sasa nije kwenye lile linalonifanya nimwone mpishi huyu kuwa fundi kamili. Hafichi. Mafundi wengi huficha siri ya kazi yao, na wenye hoteli hulinda viungo vyao kama wanavyolinda fedha. Huku, msibani na arusini, wanawake hupikia sufuria kubwa pamoja, na msichana aliyeletwa kuosha majani huondoka akijua kusonga. Hakuna vipimo vya gramu. Kuna "maji yafunike majani kidogo tu", kuna "chumvi ya kutosha", na kuna kukaa karibu ukaangalie. Tena pishi haligawanywi peke yake. Ukisifu sombe ya jirani hadi ukataka kuipika kwako, utafungiwa na pingili za muhogo uliotoa majani hayo. Ukisifu maboga, utapewa mbegu zilizokaushwa juani.

Zawadi ya mbegu ina wajibu ndani yake. Ugonjwa wa batobato ulipoangamiza muhogo Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, pingili zenye ugonjwa zilizopokezanwa zilikuwa mojawapo ya njia zake za kuenea, na pingili za aina zinazostahimili ndizo zilizorudisha chakula mashambani. Kwa hiyo mgawaji makini hukagua shina kabla ya kulikata, na akiona jani lenye madoa ya njano na lililojikunja, humnyima mtu pingili hiyo kwa nia njema. Kugawa vizuri nako ni ufundi.

Na tukumbuke kwamba tunachokiita chetu nacho kilitufikia kwa kugawiwa. Muhogo, mahindi, maharage, karanga na maboga asili yake ni bara la Amerika. Vilivuka bahari katika merikebu za Wareno na wafanyabiashara, kisha vikapanda hadi Rwenzori kwa mikono ya watu ambao majina yao hatuyajui. Kila mmoja wao alimpa mwenzake mbegu, na bila shaka alimwonyesha namna ya kuila.

Mnyororo huo hukatika kirahisi. Mei 2020 mito ya Rwenzori, Nyamwamba ukiwa mmojawapo, ilifurika na kuwaacha maelfu ya watu wa Kasese bila makazi. Waliopoteza nyumba walipoteza na bustani, na mpishi asiye na bustani hugeuka mnunuzi wa kila kitu hadi jani la kitunguu. Mwaka huo huo mpaka ulifungwa kwa watu kwa ajili ya korona. Hapo ndipo lilipoonekana wazi jambo ambalo wanawake wa milimani walilijua siku zote: mtu mwenye mashina matano ya dodo nyuma ya jiko hawezi kulingana na asiye na kitu.

Hatari nyingine ni ya kimya. Kazi hii yote imeachiwa wanawake, na watoto wengi, wa kike na wa kiume, wanakwenda Kasese mjini au Kampala wakijua ladha ya sombe bila kujua njia yake. Mwanamume anayeimba sifa za mapishi ya mama yake, na hajawahi kushika mchi, anaupenda ufundi huo nusu nusu.

Basi, msomaji, kama mama yako au shangazi yako anapika chakula ambacho hukipati kwingine, nenda ukakae jikoni kwake safari hii, si sebuleni. Shika mchi. Uliza kwa nini hafuniki chungu. Andika ulichokiona, kwa maneno yake, pamoja na zile "za kutosha" zake. Na akikupa pishi, mwombe na mbegu, ukaipande. Pishi lisilo na shamba nyuma yake halifiki kwa wajukuu.